Kibao changu kilisema duka halitembei: namna ya kutofautisha maneno ya Kiingereza yanayofanana

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili baadae msije mkasema nawacheka watu. Nilivyofungua steshenari hapa Nyegezi, Mwanza, kwenye njia wanayopitaga wanachuo wa Malimbe, nilimpa fundi rangi karatasi nimeiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa kabisa, STATIONARY, PHOTOCOPY, PRINTING. Akachora vizuri, bluu na njano, nikamlipa, nikapiga picha nikaweka status. Kibao kikakaa miezi minne mpaka siku binti mmoja wa chuo kaja kuprinti, akakisoma, akacheka kidogo, akaniuliza "kaka, kwani maduka mengine ya huku huwaga yanatembea?" Sikumwelewa. Ndo akanieleza kwamba "stationary" yenye a ni kitu kilichosimama, hakisogei. Ninachouza mimi, karatasi kalamu bahasha, ni "stationery" yenye e. Herufi moja tu. Nimechapia watu barua miaka na miaka na biashara yangu mwenyewe sijui kuiandika.

Nikaenda kuchimba, na nilichokuta kilinifurahisha mpaka aibu ikapungua, maana hayo maneno mawili ni ndugu kabisa. Ulaya ya zama za kati wauzaji wengi walikuwa wa kuzunguka, bidhaa begani, ila wauza vitabu karibu na vyuo vikuu walikuwa na sehemu ya kudumu, kwa hiyo kwa Kilatini wakaitwa "stationarius", yaani mtu mwenye kituo. Kwa lugha ya hapa mjini, huyo sio machinga, huyo ana fremu. Mwenye fremu akawa "stationer" na vitu anavyouza vikawa "stationery", sawa na vile "baker" alivyo na "bakery" yake. Tangu hapo sijawahi kukosea tena. Sikukariri, nilimjua mwenye neno. Na hiyo ndo mbinu nzima nayotaka kuwapa hapa, ukikariri orodha ya maneno mia utasahau kesho, ila ukimpa kila neno ndugu yake unayemjua, au ukaliwekea alama ya Kiswahili kichwani, linakaa.

Kwanza elewa kwanini sisi tunapigwa sana na hili jambo. Kiswahili ukikisikia umeshakiandika. Spelingi yetu ilisanifishwa juzi tu, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki imeanza kazi 1930, kwa hiyo kinachoandikwa ndo kinachosemwa mpaka leo. Wenzetu Waingereza, mchapaji wao William Caxton aliweka mashine ya kuchapa pale Westminster mwaka 1476, spelingi zikaanza kuganda, halafu midomo ya watu ikaendelea kubadilika, kwa hiyo leo wanaandika matamshi ya mababu wa mababu zao. Ongezea na irabu, sisi tunazo tano, a e i o u, kazi imeisha, Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa sauti za irabu karibu 20 na zote zinabanana kwenye herufi zile zile. Afu mtoto anasoma Kiswahili miaka saba ya msingi, anafika form one anaambiwa sasa kila kitu Kiingereza. Unategemea nini?

Na usiitegemee kompyuta ikuokoe. Ule mstari mwekundu wa Word unatokea neno likiwa halipo kwenye kamusi. Sasa "stationary" ipo, "manger" ipo, "form" ipo. Kompyuta inaona neno zuri tu, inanyamaza, inakuacha uende nalo kwenye usaili. Siku hizi kuna mistari ya bluu ya gramma inayojaribu kubahatisha, saa zingine inapata, saa zingine inakuongezea kosa ambalo hukuwa nalo.

Mbinu ya kwanza ni ile tuliyokuwa tunachapwa nayo fimbo shuleni, lisome neno la Kiingereza kama Kiswahili, silabi kwa silabi. Walimu walikuwa wanatukataza tusiseme hivyo mdomoni na walikuwa sahihi, ila kichwani unaruhusiwa, huko hakuna anayekusikia. Chukua barua ya kuomba kazi. Kijana analeta ya kwake amechapa kwenye simu, anaomba kazi kiwanda cha samaki, juu kabisa imeandikwa TO THE MANGER. Mimi nimezaliwa Magu kwenye ng'ombe, "manger" ni hori, lile la kuwekea ng'ombe majani, ndo hilo hilo alilolazwa mtoto Yesu. Dogo anaomba kazi kwa hori. Nikamwambia hesabu, me-ne-ja silabi ngapi? Tatu. Sasa hesabu ulichoandika, man-ger, mbili. Imepotea moja. Ma-na-ger, tatu, sawa na meneja. Tangu siku hiyo akinipita barabarani ananipigia "hori vipi".

Ni hivyo hivyo kwa "diary" na "dairy". Soma kwa Kiswahili, di-a-ry, ndo daftari la kuandika mambo yako ya kila siku, na da-i-ry ndo mambo ya maziwa. Ukiona kibao cha DIARY MILK ujue wanauza maziwa ya kwenye daftari. Na "quiet" na "quite" pia, hii inaua watu kwenye sivii kwenye ile sehemu ya kujielezea, "I am a quite person". Qui-et inaishia kama di-et, na ukiitamka kwa Kiingereza nayo inafuatana na "diet", maana yake kimya, mpole. "Quite" inafuatana na "white", maana yake kiasi fulani au kabisa kulingana na sentensi. Kuna na wa tatu, "quit", kuacha, huyo mfupi kwa sababu ameacha e yake akaondoka.

"Form", fomu, na "from", kutoka, hata sio suala la kujua, ni vidole. Ntalirudia mwishoni maana lina historia na mimi.

Mbinu ya pili ndo naipenda kuliko zote, tafuta neno la Kiswahili au kitu cha huku kwetu kikushikie hiyo herufi. Vitabu vya wazungu vina vimbinu vyao ila vimbinu hivyo viko kwa Kiingereza kwa hiyo unajikuta una vitu viwili vya kukariri. Angalia hii, "desert" na "dessert". Nilishachapa menyu ya hoteli moja ya huku, page ya mwisho mwenye hoteli ameandika DESERTS, chini yake fruit salad na ice cream, yaani anauza majangwa na bakuli anakupa. Jangwa lina s moja, S ya Sahara. Kitamu cha baada ya kula kina s mbili, Sukari Sana. Umeshaelewa, huwezi kusahau tena hata ukitaka. Angalizo dogo, kuna "desert" nyingine ambayo ni kutoroka au kutelekeza, nayo ina s moja ila inatamkwa kama ile ya sukari. Usiumie kichwa, aliyetelekezwa yuko jangwani.

"Peace" na "piece". Kuna a kwenye "peace", hiyo ni a ya amani. Kuna i kabla ya e kwenye "piece", hiyo ni i ya kipande. Basi.

"Brake" na "break" hii ni ya madereva na mafundi. Nyuma ya lori moja niliwahi kuona AIR BREAK, yaani hewa imevunjika. "Brake" ni breki, na sisi watu wa huku hatuna sababu ya kuikosea kwa sababu inaandikwa kama "lake". Wote mnajua kivuko cha Kamanga, gari linashuka mteremko kuingia kwenye pantoni, mbele yake ni maji. Bila brake unaishia lake. Ile nyingine, "break", kuvunja, ndo iliyo ndani ya "breakfast", unavunja mfungo wa usiku.

"Weather" na "whether", angalia ndani ya "weather" kuna "ea" ileile ya "sea", hali ya hewa inayowahusu watu wa majini, wavuvi wanaangalia mawingu kabla ya kuingia ziwani. "Whether" inaanza na wh kama "what" na "when" na "where", ukoo wa maneno ya kuuliza, maana yake kama au iwapo. Na "there" ya mahali imembeba "here" tumboni, zote za mahali, "their" ni yao, ya kumiliki. "Then" na "when" za muda, zina e. "Than" ni ya kulinganisha, kuliko. Hizi ndogo ndogo ukishaziona mara moja zimeisha.

Siwezi kupita hapa bila kumsema mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, alikuja na kikaratasi anataka nimchapie tangazo kubwa alibandike mwaloni Kirumba. BOAT FOR SAIL. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, nikamuuliza huo mtumbwi una tanga? Akasema tanga la nini, una injini ya Yamaha. Nikamwambia mzee hapa umetangaza mtumbwi wa kupigia tanga. "Sail" ni tanga au kusafiri majini, "sale" ni mauzo. Akanyamaza, akasema andika kwa Kiswahili, MTUMBWI UNAUZWA. Na kwa kweli alikuwa na akili kunizidi, kwa sababu wanunuzi wenyewe wa pale mwaloni nani anataka Kiingereza? Lakini kama lazima, "sale" ina le mwishoni kama leta hela.

Mbinu ya tatu ni ngeli, na hii sijawahi kuiona sehemu yoyote wameandika, nimeipata mwenyewe kwa kuchapa barua za watu. Kosa namba moja Mwanza nzima, pengine Tanzania nzima, ni "assistance" na "assistant". ASSISTANCE TEACHER. ASSISTANCE MANAGER. Nimekutana nalo kwenye sivii, kwenye vitambulisho, hadi kwenye muhuri wa mtu mzima na ofisi yake. Sasa sikiliza. Kwa Kiswahili ukisema Msaidizi ni mtu, ukisema Usaidizi ni jambo. M na U, mtoto wa darasa la tatu anajua. Kiingereza kinafanya kitu hicho hicho ila mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. Mkia wa "-ant" au "-ent" mara nyingi ni M, mkia wa "-ance" au "-ence" ni U. "Assistant" Msaidizi, "assistance" Usaidizi. "Resident" Mkazi, "residence" ukazi au makazi. "Attendant" Mhudumu, "attendance" mahudhurio. "Patient" Mgonjwa, "patience" Uvumilivu, na ukikaa foleni ya kumuona daktari utaona jinsi hao wawili wanavyohusiana. Sio sheria ya kila mahali, "important" sio mtu na "accident" sio mtu, lakini kwenye vyeo vya kazi inakuvusha karibu mara zote, jiulize tu, mimi naomba niwe Msaidizi au niwe Usaidizi?

Kwenye vyeo humo humo kuna "personal" na "personnel". Ya kwanza ni binafsi. Ya pili ni wafanyakazi, watumishi, na kwa sababu ni watu wengi ina n mbili. Halafu "principal" na "principle". Mkuu wa chuo ni "principal", na ukichukua mkopo, ile hela yenyewe kabla ya riba nayo inaitwa "principal", ndo kuu. "Principle" ni kanuni, inaishia le sawa na "rule", na ile ya Archimedes tuliyoisoma form one ya kitu kuelea majini ni hii, "Archimedes' principle". Ukiandika "Archimedes' principal" umemtaja mkuu wake wa chuo.

Ya nne ni kujiuliza swali moja, hiki ni kitu au kitendo? Kiswahili tunatofautisha vizuri, ushauri ni kitu, shauri ni kitendo, leseni ni kitu. Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndo tunafundishwa, kina jozi zinatofautiana c na s, "advice" na "advise", "practice" na "practise", "licence" na "license". Yenye c ni kitu, yenye s ni kitendo. Kumbuka "ice". Barafu unaishika, ukienda mwaloni unaona samaki wanavyofunikwa nayo, ni kitu kabisa, na "advice" na "practice" zote zina "ice" mwishoni kwa hiyo ni vitu. Kwenye "advise" na "practise" kuna "is", na hicho ni kitenzi. "Please advice" kwenye email za ofisi ni sawa na kumwambia bosi "tafadhali ushauri". Sasa kuna mtu atanijibu mbona simu yangu imeandika "license" kwenye kitu? Ndio, hiyo ni Marekani, Noah Webster na kamusi yake ya 1828 alirekebisha spelingi nyingi za kule, na Wamarekani wanaandika "license" na "practice" kote kote, kitu na kitendo. Ukiona Word inakuwekea mstari mwekundu kwenye "colour" ujue imesetiwa Kiingereza cha Marekani, nenda kwenye lugha ubadilishe iwe ya Uingereza, angalau mnakuwa timu moja na mtihani wa form four.

"Affect" na "effect" ziko kwenye swali hili hili. "Affect" ni kitendo, kuathiri. "Effect" ni kitu, athari. "Water hyacinth affects fishing", gugumaji linaathiri uvuvi, "the effect of water hyacinth on fishing", athari ya gugumaji kwenye uvuvi. Kiswahili hapa hakitusaidii maana athiri na athari zote zinaanza na a, nilihangaika nayo hii mpaka nikaona kitu, "effect" mara nyingi inatanguliwa na "the", na "the" inaishia na e, "effect" inaanza na e, zinapokezana. "The effect". Kama nafasi yako inakubali "the" mbele, weka e. Na watu wa dawa tayari mnasema saidi efekti, hamsemi saidi afekti. Kasoro ipo moja ya maofisini, "kindly effect payment", hapo "effect" imekuwa kitendo, maana yake fanya yafanyike, malipo yatoke. Ukiandika "kindly affect payment" umewaomba wayaathiri malipo yako, na watayaathiri.

Haya sasa tuje kwenye ugonjwa wa nyumbani. L na R. Kisukuma hakina r, wote tunajua, babu yangu mpaka anakufa alikuwa anamwita lais, na ukivuka kwenda Mara unakutana na Wakurya ambao wao r imewazidi, analara badala ya kulala. Wote tumezunguka ziwa moja. Kwenye Kiswahili haituletei shida sana, watu wanacheka maisha yanaendelea, ila kwenye Kiingereza herufi hizi mbili zinatenganisha maneno ya maana tofauti kabisa na sikio letu haliwezi kuwa shahidi. "House for lent" nimeiona kwenye ukuta. "Lent" ni Kwaresima, au ni kukopesha iliyopita, kwa hiyo hiyo ni nyumba ya Kwaresima, sijui Pasaka unahama? Ya kupangisha ni "rent". "Correct" na "collect", hapa Kiswahili kinakupa mkono, coRRect ni Rekebisha, coLLect ni kwenda kuchukua uLete. Mtu akikuandikia "come and correct your certificate" usikimbie kwa furaha, muulize kwanza cheti kina kosa gani.

Ila kuwa makini na mbinu hiyo, kuna sehemu inageuka. "Pray" na "play". Kusali ni neno lenye l kwa Kiswahili lakini "pray" ina r. Mpira una r lakini kucheza ni "play" yenye l. Zimepishana msalaba kabisa. "Fly" nayo, kuruka kuna r, "fly" ina l, na "fry" ya kukaanga ndo yenye r, kwa hiyo "flied fish" kwenye menyu ni samaki amepaa. Mimi hizi nimezishika hivyo hivyo kwa kinyume, nikisikia sala au mpira au kuruka najua nageuza. Na lile neno la uchaguzi, "election", aisee hilo likague mara mbili, ukiweka r mahali pa l nenda mwenyewe kwenye kamusi ukaone, sitakuambia hapa, ila nimewahi kuzuia vipeperushi 200 visichapwe na mteja mpaka leo hajajua nimemuokoa na nini.

Irabu nazo. "Live" na "leave" sisi kwetu zote ni livu. "I leave in Buhongwa", naondoka ndani ya Buhongwa. "Application for annual live", naomba kuishi kwa mwaka, hii walimu wananiletea kila ikikaribia likizo. Anayeondoka anaenda mbali kwa hiyo neno lake refu, "leave", anayekaa amebanana nyumbani, neno fupi, "live". "Ship" na "sheep" usitumie hiyo ya urefu utapotea, tumia hii, kondoo ana oo mbili mwishoni na "sheep" ana ee mbili, meli haina. Vinginevyo utamwambia mzungu apande "sheep" ya kwenda Bukoba. "Fill" na "feel", wateja wa fomu, "fill" ina l mbili kama "full", unajaza mpaka ijae. "Feel the form" ni kuipapasa.

"Lose" na "loose" ni ya watu wa kubeti na wa mpira. Pamba wakifungwa pale Kirumba, "they lose", wamepoteza mechi, na neno lenyewe limepoteza o moja. "Loose" ni kulegea, o mbili zimeachia kama macho ya nyavu iliyochoka. Kila wikiendi nasoma "we loose again", yaani tumelegea tena, na mara nyingine sio uongo.

Sasa ile ya hatari kuliko zote kwangu ni "accept" na "except", kwa sababu zingine zinakuchekesha tu ila hii inakugeuzia maana. Dada mmoja alipata kazi, kazi ya kweli yenye mkataba, akaja tumtumie barua ya kukubali. "I hereby except your offer." "Accept" ni kupokea, "except" ni isipokuwa, kutoa nje. Alichoandika kwa herufi ni kwamba anaitoa hiyo ofa nje. Najua mwajiri angemwelewa, binadamu wanaelewana, lakini ndo barua ya kwanza kabisa unampa mtu anayeenda kukulipa mshahara. Kumbuka kwenye basi, juu ya ule mlango wa dharura wameandika EXIT. Ex ni nje. "Except" inatoa nje, "exit" inakutoa nje, "export" wale sangara wanatoka nje ya nchi. Ukikubali unaweka a, a ya ahsante.

Kazi ya mwisho kabla hujabonyeza print. Kila mtu ana maneno yake matano au sita yanayompiga, sio mia. Yaandike kwenye karatasi, mi yangu nimeyabandika pembeni ya kioo cha kompyuta nayaita washukiwa. Ukimaliza kuchapa bonyeza Ctrl na F, andika mshukiwa wa kwanza, kompyuta inakupeleka kila alipo, unamuuliza palepale wewe ni nani hapa, ndugu yako nani, unaenda kwa wa pili. Dakika tatu. Kusoma barua yote tena kwa macho hakusaidii sana kwa sababu unasoma kilichopo kichwani kwako, sio kilichopo kwenye karatasi. Kama ni kitu kikubwa, sivii au tangazo la kulipia, printi kopi moja mpe mtu mwingine asome, hata shilingi mia mbili ya kopi hiyo utaiona ni nyingi mpaka siku utakapoharibu mia.

Washukiwa wangu wa sasa ni watano, na aliyeingia mwezi uliopita ni "form". Nilitengeneza kipeperushi cha steshenari kwa kujiamini kabisa, picha ya simu, rangi nzuri, nikaprinti 50 nikabandika kuanzia stendi ya Nyegezi mpaka karibu na geti la chuo: PRINT FORM YOUR PHONE. Yule binti ameshamaliza chuo, hakuna wa kunicheka. Nimevitoa 31, vilivyobaki sijui viko nguzo gani.